Sauti Iliyosikika Ghala Namba Nne

Naomba nianze kwa kusema kwamba nchi yetu ina amani. Nasema hivyo kwa sababu karani yeyote wa serikali anatakiwa kuanza hivyo, hata akiandika barua ya kuomba wino, na mimi nimekuwa karani wa kuandika mihtasari ya vikao kwa miaka kumi na saba. Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kutaja jina la nchi katika maandishi yasiyo na muhuri kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hivyo limefungwa kwa ukarabati tangu nilipoajiriwa.

Nitakayoyasimulia yalitokea Mkingamo, mji wetu wa mpakani, na yanamhusu fundi mmoja aitwaye Mboni Kasulwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mfupi, mwenye tabia ya kujibu swali aliloulizwa. Tabia hiyo ilimsumbua sana katika utumishi wa umma.

Serikali ilimpeleka nje kusomea mashine moja, na aliporudi, mashine ikamfuata katika masanduku manne. Ilikuwa na pete kubwa ya shaba, ya upana wa kutosha gunia moja kupita katikati, na kabati la chuma lililojaa nyaya. Mboni alinieleza inavyofanya kazi, nami nitaeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya kila kitu, kiwe unga, sabuni, dawa ya kikohozi au baruti, kuna chembe ndogo zisizoonekana. Pete ile ina sumaku, na inatuma mawimbi kama ya redio. Chembe zikipigwa na mawimbi hutikisika, na zikiachwa hutoa mwangwi hafifu. Mwangwi wa unga si mwangwi wa sabuni. Kwa hiyo gunia linapita kwenye pete likiwa limeshonwa vilevile, na karatasi inatoka upande wa pili ikiwa na mstari unaopanda na kushuka. Ukiujua mstari, umejua kilichomo.

"Haisomi kilichoandikwa juu ya gunia," Mboni aliniambia. "Inakiuliza kitu chenyewe."

Wakati ule nilidhani hiyo ni sifa nzuri.

Uzinduzi ulifanywa na Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Sefani Tundwe. Alihutubia saa mbili na nusu, akakata utepe, kisha akatamka maneno ambayo wote tuliyapigia makofi: "Kuanzia dakika hii, katika nchi yetu hakuna baruti iliyofichwa, haitakuwepo, na haijawahi kuwepo." Kwa haraka ya wapiga chapa, hotuba ile ikachapishwa kwenye gazeti la serikali katika ukurasa wa sheria mpya badala ya ukurasa wa hotuba. Kufuta sheria kunahitaji Bunge. Bunge lilikuwa likizo. Basi ikawa sheria.

Wiki ya kwanza mashine ilifanya kazi vizuri mno. Ilikamata pombe kali katika chupa za mafuta ya nywele, bangi ndani ya magodoro, na dawa za hospitali zilizoandikwa pipi. Wiki ya pili likaja sanduku la ujumbe rasmi kutoka makao makuu, lililoandikwa kwamba lina vitabu vya maadili. Mboni akalipitisha kama mizigo mingine. Mstari uliotoka ulikuwa wa konyagi, chupa thelathini na sita, na hakukuwa na kitabu hata kimoja.

Hakuna aliyemkaripia. Siku tatu baadaye ukaletwa Mwongozo wa Heshima wa Mashine, kurasa arobaini, ambao kwa ufupi ulisema kwamba mashine isiulize mizigo ya wageni rasmi, ya wenyeji rasmi, wala ya watu wanaofanana nao. Mboni aliusoma wote, kisha akauliza watu wanaofanana nao watajulikanaje. Mkuu wa Mji, Bwana Zongwe, akamjibu kwamba watajitambulisha kwa kukasirika.

Magunia yalifika mwezi wa pili, jua likiwa kali. Yalikuwa mia nne, yote yameandikwa mbolea, mali ya kampuni iitwayo Rutuba Tele. Mwenye Rutuba Tele ni shemeji yake Waziri, mume wa dada yake wa toka nitoke. Kila mtu Mkingamo alilijua hilo isipokuwa dereva wa lori, ambaye alikuwa mgeni kazini, na akapanga foleni ya kawaida kama mtu asiye na ndugu. Makuli wakashusha, Mboni akapima gunia moja moja mpaka alasiri. Mia mbili na kumi na mawili yalikuwa mbolea kweli. Mia moja themanini na manane yalikuwa baruti ya kupasulia miamba.

Alipima tena. Karatasi zikatoa mstari uleule. Akaenda kwa Bwana Zongwe na karatasi mkononi, na mimi nikaitwa kuandika.

Bwana Zongwe hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akayanywa. Kisha akamweleza Mboni kwa upole kwamba sheria inasema hakuna baruti, na hivyo kilichomo kwenye magunia yale hakiwezi kuwa baruti. Alichoweza kufanya yeye, kwa mamlaka yake, ni kuunda kamati ya kukitafutia jina. Na kwa kuwa kitu kisicho na jina hakiwezi kutolewa wala kurudishwa, magunia yote yatunzwe Ghala Namba Nne mpaka jina lipatikane.

Ghala Namba Nne lilikuwa jengo la bati, na ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa Soko la Mkingamo. Upande wa sokoni, wameuegemea ukuta huo mafundi bati wapatao thelathini, wanaotengeneza majiko, na kila mmoja ana moto wake. Ukuta ulikuwa na ufa. Mboni aliupima akasema kidole chake kinapita mpaka kwenye kifundo.

Kamati ya Jina ilikaa wiki tatu. Nilikuwa mwandishi wake, kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba ilifanya kazi kwa bidii. Mjumbe mmoja alipendekeza chumvi ya milimani. Mwingine akasema hilo litaleta kodi ya chumvi. Siku ya kumi na moja walijadili kama kitu kikiitwa kwa jina la muda kinaweza kulizoea. Mboni aliomba nafasi ya kuzungumza, akapewa dakika tatu. Alisema kwamba nyuma ya ukuta kuna moto, kwamba siku ya kawaida soko lina watu kama mia sita, na kwamba anaomba magunia yaondolewe siku hiyohiyo, jina litafutwe yakiwa njiani. Mwenyekiti akamshukuru, akanielekeza niandike kuwa fundi aliipongeza kamati. Nikaandika.

Mwishowe jina likapatikana: mbolea yenye msisimko. Likapitishwa kwa kauli moja, tukapata soda.

Nilidhani Mboni atachoka baada ya hapo. Badala yake alianza kuandika barua, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda kama ndugu, ingawa sikumwambia. Aliandika barua ishirini na tatu. Ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa ukingo wa kushoto ulikuwa mwembamba. Ya nne ilirudishwa kwa kuwa ukingo ulikuwa mpana kupita kiasi, hali inayoweza kutafsiriwa kama dharau. Ya tisa ilijibiwa na Idara ya Misitu. Rutuba Tele wao walijibu kwa adabu kwamba mzigo wao ni mbolea na hauna haraka. Nilimwona siku moja amekaa mbele ya mashine yake, mikono mapajani, anaitazama tu. Akaniuliza kama najua maana ya kuwa na mashine inayosikia katikati ya watu wasiosikia. Nikamwambia swali hilo halimo kwenye ajenda. Nilikuwa natania. Hakucheka.

Akaomba ruhusa, akaenda makao makuu kumwona Waziri. Alikaa kwenye benchi la mapokezi siku tisa. Kila asubuhi aliandikishwa upya kama mtu asiyejulikana. Siku ya kumi Waziri alipita akielekea kwenye gari, akamwona, akakumbuka uzinduzi, akamkaribisha ndani kwa furaha kabisa. Haya yafuatayo Mboni mwenyewe alinisimulia.

Waziri alimsikiliza akimenya chungwa. Alipomaliza kumenya akamuuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako ina uzalendo?"

Mboni akasema mashine haina uzalendo wala ukosefu wa uzalendo. Ina sumaku.

"Basi hapo ndipo tatizo lilipo," Waziri akasema. "Mimi siku ile nimewaambia wananchi hakuna. Wewe unataka niwaambie ipo. Sasa nani kati yetu anawatia watu hofu?"

"Mheshimiwa, wale watu wako hatua tano kutoka kwenye magunia."

"Na wamelala salama miezi miwili. Unaona utulivu ulivyo? Nenda ukaifundishe mashine kutuliza."

Akampa nusu ya chungwa. Wiki iliyofuata likaja agizo kwamba sauti ya mashine ipunguzwe. Mboni akajibu kwamba mashine haina sauti, inatoa karatasi. Likaja agizo la pili kwamba karatasi zipunguzwe.

Sasa niseme habari za Mzee Hatibu Mkwanda. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa Namba Nne. Alikuwa amelilinda ghala lile miaka thelathini na mmoja, na familia yake ilikuwa Kisewe, nusu siku kwa basi kutoka mjini. Ni mtu aliyekuwa akivaa koti la kazi hata siku ya joto, kwa kuwa ndilo lililokuwa na mfuko wa ufunguo. Tangu Mboni amweleze kilichomo, alikuwa akimwaga maji kwenye ukuta wenye ufa asubuhi na alasiri, na alikwenda kuwaomba mafundi bati wasogeze mioto yao. Walisogeza kadiri walivyoweza, nao walikuwa na hatua tano tu za kusogea.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu tangu magunia yafike, alikuja ofisini kwa Mboni, akavua kofia. Akasema bati linawaka kama kikaango, na magunia ya katikati yameanza kutoa jasho la rangi ya chai. Mboni alikwenda kuyaangalia. Aliporudi alisema baruti ikianza kutoa jasho, cheche moja inatosha. Alimsihi Mzee Hatibu aombe uhamisho, au aondoke tu. Mzee akasema hawezi kuliacha ghala bila kukabidhi ufunguo kwa mtu mwenye barua, na barua hiyo ameiomba tangu mwaka juzi alipofikisha umri wa kustaafu.

Siku hiyohiyo Mboni alikuja mezani kwangu. Aliniuliza kama kuna uwezekano kwamba Mlezi wa Taifa, yaani mkuu wetu wa nchi, anaweza siku moja kutembelea Mkingamo. Nilimwambia uwezekano huwapo daima, hajafika miaka ishirini na sita lakini hajawahi kusema hatafika.

"Basi niandikie hivyo," akasema. "Hivyohivyo ulivyosema. Usiongeze kitu."

Nikaandika: *Upo uwezekano wa ziara ya Mlezi wa Taifa mjini Mkingamo.* Sikuweka tarehe, sikuweka sahihi. Niliandika kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu nilikuwa nimeandika mambo mengi yasiyo kweli kwa karatasi nzuri zaidi. Nikaitia katika faili la Bwana Zongwe saa mbili asubuhi.

Saa nne hapakuwa na soko. Polisi walipita na vipaza sauti wakisema kwamba macho ya Mlezi hayapaswi kukutana na moshi, nyanya zilizoiva kupita kiasi, wala watu wasio na shughuli maalumu, na kwamba kila aliye ndani ya kilomita moja ya barabara kuu ahamie uwanja wa mpira. Barua ishirini na tatu hazikusogeza jiko moja. Sentensi moja ilihamisha watu mia sita, mbuzi wao na vyerehani vyao, kwa saa mbili.

Mboni alisimama kando ya barabara akiwatazama wakipita. Alilia kidogo, nadhani kwa kushusha pumzi. Fundi bati mmoja, mama mtu mzima aliyebeba majiko matano kichwani, alisimama mbele yake akamwambia kwamba nyinyi watu wa serikali mkifa mtazikwa na ardhi itawakataa. Mboni akampisha apite. Mkutano wa kuwaambia watu ukweli nao unahitaji kibali.

Mpango wake ulikuwa kwamba, watu wakishaondoka, atatafuta namna ya kuyatoa magunia taratibu. Alihesabu siku kumi za maandalizi. Kitu asichokihesabu ni picha.

Bwana Zongwe alikuwa ameamua kwamba Mlezi akija aione sura yake mwenyewe kutoka barabarani, ya urefu wa ghorofa mbili. Jengo pekee lenye paa la kutosha kuibeba lilikuwa Ghala Namba Nne. Siku ya tatu asubuhi mafundi wawili wa kuchomelea walipanda juu ya paa na mashine yao ya umeme kufunga fremu ya chuma. Mimi nilikuwa uwanja wa mpira nikiandika majina ya kwaya. Mboni alizipata habari kwa Mzee Hatibu, aliyempigia simu akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba kuna cheche zinadondoka kwenye paa, na paa lina matundu.

Alinipita akikimbia. Alimwendea Bwana Zongwe kwanza, kwa kuwa ndivyo utaratibu unavyotaka, na nadhani atajilaumu kwa hilo maisha yake yote. Bwana Zongwe alikuwa akichagua rangi ya vitambaa vya meza. Mboni akamwambia awashushe mafundi, juu ya baruti hakuchomelewi chuma. Bwana Zongwe akamuuliza baruti gani, kamati si ilisema mbolea.

Hakubishana. Alikimbia kilomita nzima mpaka ghalani, akasimama chini, akawaambia wale mafundi wawili kwamba chini yao kuna baruti. Wao hawakuuliza jina, wala mstari, wala karatasi. Waliangaliana, wakazima mashine, wakashuka. Wakati huo moshi mwembamba ulikuwa umeshaanza kutoka kwenye ufa wa ukuta.

Mzee Hatibu alikuwa amefungua mlango, anachota maji kwa ndoo kwenye pipa la nje na kuingia nayo. Mboni akamshika mkono, akamwambia waondoke. Mzee akautoa mkono wake polepole.

"Wewe nenda, mwanangu," akasema. "Mimi nikitoka na ufunguo huu bila barua, watasema niliiba kilichomo."

Akamwambia tena, akamvuta koti. Mzee akasema huenda ndoo tatu nne zikatosha. Mafundi wakambeba Mboni kwa nguvu, mmoja kila upande, wakakimbia naye mpaka kwenye kalvati chini ya barabara kuu. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Sitaeleza mlipuko, kwa kuwa rasmi haukutokea. Nitasema tu kwamba uwanjani, kilomita moja, kwaya nzima ilianguka chini, na kwamba tulipokwenda, Ghala Namba Nne lilikuwa shimo lenye maji machafu, na mahali pa mafundi bati palikuwa pamekwanguliwa hadi udongo mwekundu. Watu mia sita walikuwa uwanjani, wazima wote, wakipangusana vumbi. Yule mama wa majiko alikuja akamtazama Mboni, aliyekuwa ametapakaa matope ya kalvati. Alimtazama muda mrefu, kisha akavua kanga yake moja, akamfunika mabegani, akaenda zake. Mzee Hatibu hatukupata cha kuzika zaidi ya kiatu kimoja.

Redio ilitangaza saa saba mchana kwamba wananchi wa Mkingamo wamesikia sauti, na wasiwe na wasiwasi nayo. Siku iliyofuata ikaundwa Tume ya Kuchunguza Sauti. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Tundwe mwenyewe, na mwandishi nilikuwa mimi. Bwana Zongwe aliitwa kama shahidi wa kwanza, lakini masikio yake yote mawili yalikuwa yameziba kwa ile sauti ambayo alitakiwa aieleze. Kila aliloulizwa akajibu kwamba vitambaa vilikuwa vya buluu.

Tume iligundua kwamba, kwa kuwa kisheria hakuna baruti, hapakuwa na mlipuko. Palikuwa na sauti. Iligundua pia kwamba watu mia sita walinusurika kwa sababu Mlezi wa Taifa, kwa jicho lake la mbali, alipanga ziara siku tatu kabla. Karatasi yangu isiyo na sahihi ikawekwa kwenye fremu ya dhahabu. Hakuna aliyeweza kuuliza nani aliiandika, maana kuuliza kungekuwa kushuku jicho. Hivyo ndivyo mimi na Mboni tulivyookoka jela, na sijawahi kuona kuokoka kunakoudhi namna ile.

Kwake walitaka jambo moja tu. Waliandaa tamko kwamba siku yalipofika magunia, mashine haikusikia kitu, wakamwekea kalamu. Waziri akamwambia kwamba akitia sahihi atakuwa mkurugenzi wa mashine zote. Mashine ilikuwa moja.

Mboni akasema, "Ilisikia. Ninyi ndio mliosikia mkakaa."

Nilielekezwa niandike kwamba fundi aliomba muda wa kutafakari. Nikaandika. Baada ya mwezi akahamishiwa kituo cha kupima uzito wa mihogo, na mashine ikastaafishwa kwa heshima. Iko makao makuu ndani ya kioo, haina waya wa umeme, na wanafunzi hupelekwa kuitazama.

Kazi yangu ya mwisho katika Tume ilikuwa kuandaa barua ya rambirambi kwa mjane wa Mzee Hatibu. Niliiandika vizuri. Ukingo wa kushoto ulikuwa sawasawa.

Miezi miwili baadaye Mboni alinitafuta, akaniomba nimsindikize Kisewe. Alisema hawezi kwenda peke yake na hawezi kuacha kwenda. Tulifika kabla ya adhuhuri. Mjane anaitwa Bi. Kidawa, mwanamke mrefu, mwenye macho ya mtu aliyemaliza kulia bila kumaliza anachokililia. Tulimwamkia, akatupa viti, akatuletea uji. Mboni akajitambulisha kuwa ni yule fundi, na mimi nikasema mimi ni mtu wa ofisini.

Bi. Kidawa akaingia ndani, akatoka na barua. Akasema yeye hasomi vizuri, akawa amesomewa na watu wanne mbalimbali, kila mara akidhani aliyetangulia alikosea. Akampa Mboni aisome kwa mara ya tano. Mboni akasoma: *Serikali inasikitika kukufahamisha kwamba mumeo, Hatibu Mkwanda, amefariki dunia kutokana na sauti.*

"Sasa nawauliza nyinyi mliosoma," Bi. Kidawa akasema. "Mtu hufa kwa sauti?"

Nilitazama uji wangu.

"Hapana, mama," Mboni akasema. "Palikuwa na baruti. Magunia mia moja themanini na manane. Niliyapima mwenyewe, moja moja, nikawaambia, hawakutaka." Kisha akamweleza yote, barua, benchi, ufa, karatasi ya ziara. Hakujificha. Alisema waliopanda juu ya paa na moto walipanda kwa sababu ya ziara, na ziara ile aliibuni yeye. Alisema Mzee alikataa kuondoka kwa kuwa hakuwa na barua ya kukabidhi ufunguo.

Bi. Kidawa aliuliza soko lilikuwa na watu wangapi siku za kawaida. Mboni akamwambia mia sita. Bi. Kidawa hakusema amemsamehe, wala hakusema hakumsamehe. Alisema Hatibu alikuwa hivyo, hata nyumbani hakuacha mlango bila kumwachia mtu.

Kisha akanigeukia mimi, mtu wa ofisini, akasema, "Niandikie hayo aliyosema. Na majina yenu yawepo."

Nikatoa karatasi. Niliandika baruti, nikaandika magunia, nikaandika tarehe na saa. Niliandika Tundwe na Zongwe. Mboni akatia sahihi. Nami nikaandika jina langu chini, majina yote matatu. Katika miaka kumi na saba mkono wangu ulikuwa haujawahi kuliandika kwenye karatasi ya kazi, kwa sababu mwandika mihtasari hatii sahihi. Herufi hazikuwa nzuri.

Bi. Kidawa akaishika karatasi, akaitazama kana kwamba anaisoma. Akasema anataka ziwe tatu. Moja yake, moja ya watoto.

"Na ya tatu," akasema, "umpelekee yule aliyeandika barua hii ya sauti. Nataka aisome."

Niliandika ya tatu, neno kwa neno. Ilinichukua muda. Nilipomaliza nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa shati langu, nikamwambia imeshafika.